Nyumba Sita Kabla ya Kaole

Hakuna jambo liwezalo kunishangaza mimi. Nimeona punda akizirai njiani na mpagazi akabebeshwa mzigo wa punda juu ya wake, akafika. Nimeona tajiri akilia kwa furushi la shanga lililozama mto Kingani, na aliyelizamisha amekaa ukingoni anacheka mpaka machozi. Nimelala njaa, nimelala shibe, nimelala nikitembea. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaokuja kula barazani kwangu msidhani mtaniletea habari mpya. Habari mpya kwangu ilikuwa moja tu, na nitaisema mwisho, kwa kuwa hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mimi ndiye Frasila Tatu. Mama yangu aliniita Kibwana, ila jina hilo limebaki kwa mama. Wenzangu wakibeba pembe ya ndovu ya frasila mbili, ratili sabini nzima, na kuguna, mimi nilibeba tatu na kuimba. Baba hakuniachia shamba wala mnazi. Aliniachia jembe lisilo na mpini. Nyumba hii ya mawe nusu na udongo nusu nimeijenga kwa shingo yangu. Chuoni nilikaa mpaka nikajua kuunga herufi, kisha nikatoroka, ndiyo maana maandishi yangu yamelala ovyo kama watu waliofika kambi ya kumi. Yasomeni hivyo hivyo.

Naandika kwa sababu juzi mmoja wenu, simtaji, alikula sahani tatu za wali wa nazi, akajifuta mdomo, akainama kuchukua mzigo wake, akabaki ameinama. Ilibidi watu wawili wamnyanyue yeye kwanza, kisha mzigo. Mlicheka. Mimi sikucheka sana, maana nilijua safari ile ya chakula inaishia wapi.

Kula ni kazi, wanangu. Na mimi niliianza kazi hiyo vibaya kuliko nyote.

Safari yangu ya kwanza tulipewa posho ya siku nne kwa mkupuo, kibaba kimoja cha mtama kwa kila siku. Nikaupima kwa mkono. Nikafikiri, mtama huu nitaubeba juu ya pembe kwa siku nne, kwa faida ya nani? Heri ukae tumboni kuliko kichwani. Nikaupika wote jioni ile, nikaula, nikalala nimefurahi kwa akili zangu. Siku ya pili nilitembea. Siku ya tatu nilikuwa nazunguka sufuria za wenzangu nikisifu mapishi yao. Siku ya nne hakuna aliyetaka kusifiwa tena.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Hawa. Wakongwe mnamjua. Alikuwa akiuza togwa pale misafara inapolala usiku wa kwanza ikitoka mjini, mwendo mfupi tu, na mpaka leo hajawahi kumkopesha mtu. Niliporudi kutoka safari ile nimebaki mifupa na njuga za miguuni, aliniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kama nilikuwa nimebeba pembe au pembe ilinibeba mimi. Nikamweleza habari ya posho. Hakucheka. Aliniambia neno ninalowaambia nanyi:

"Tumbo ndiye mpagazi wa kwanza. Ukimtwika yeye, wewe hutatwikwa."

Tangu siku hiyo kila nikipita nilikaa kwenye kigoda chake nikamuuliza, naye akajibu huku akikoroga. Kabla ya mzigo, alisema, kula kitu chepesi: kipande cha muhogo wa kuchemsha kisichozidi kiganja chako, au uji mwepesi wa mtama wenye asali kidogo. Kisha ngoja. Yeye alipima muda kwa kusuka ukili: ukisha kula, yeye husuka pima nzima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, taratibu, ndipo uiname. Kunde kabla ya mzigo ni haramu, alisema. Si haramu ya sheikh, ni haramu ya yule atakayetembea nyuma yako.

Hapo nilicheka, lakini aliponikataza papa wa chumvi kabla ya mzigo sikumsikia. Nilikuwa kijana na nilipenda papa mkavu kuliko ndugu zangu. Asubuhi moja tukiwa Ubena, mbele yetu kuna kipande kirefu kisicho na kisima, nilikula papa wa Saadani, yule wa chumvi nyeupe juu, mkubwa kama makubadhi mawili. Kabla jua halijapanda nilikuwa nimemaliza kibuyu changu. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimemaliza cha rafiki yangu, na urafiki. Tangu hapo papa namla jioni, mzigo ukiwa chini.

Na baada ya mzigo je? Hapa ndipo wengi mnapoharibu. Mtu anafika kambini jasho linamchirizika, anachukua maji ya baridi, anayamimina kooni kama anazima moto. Usifanye hivyo. Sukutua, tema. Lamba chumvi kidogo kwenye kidole. Kaa. Kunywa togwa kwa mafunda madogo, funda moja na pumzi tatu. Jasho likikauka ndipo ugali wa mtama, kunde na papa, ule mpaka mshipi ulalamike. Hapo kula. Nani atakuzuia?

Haya yote niliyajua. Niliyafundisha. Nilipofika umri wa ndevu hakukuwa na mpagazi kutoka Bagamoyo mpaka Winde asiyenijia kuuliza ale nini. Sasa sikilizeni namna mwalimu mwenyewe alivyopimwa.

Tajiri mmoja alikuwa akifunga msafara wa kwenda Unyanyembe na alitaka kirongozi. Mnajua kirongozi: ndiye avaaye joho jekundu na manyoya kichwani, ndiye ashikaye bendera, na hakuna mpagazi anayethubutu kuweka mguu mbele yake. Nililitamani joho lile tangu nilipokuwa nakula vibaba vinne kwa siku moja. Nilikuwa nimebeba kwa miaka mingi, magoti yameanza kuongea, na nikajua nisipolivaa mwaka ule sitalivaa tena.

Lakini tulikuwa wawili tuliolitaka. Mwenzangu alikuwa Mnyamwezi, jina lake Kasanda, mtu mrefu, mpole, mwenye shingo kama mchi wa kinu. Tajiri hakutaka kuudhi upande wowote. Akatoa pembe mbili, kila moja frasila tatu kwa mizani mbele ya watu, akasema: keshokutwa baada ya sala ya adhuhuri mtaondoka hapa uwanjani mpaka kwenye magofu ya Kaole. Pale kuna mtu atawafunga kitambaa cha kaniki mkononi. Mrudi. Atakayefika kwanza pembe yake haijagusa ardhi ndiye kirongozi, na msafara unaondoka kesho yake alfajiri.

Frasila tatu! Ilikuwa kama kuniambia nitembee na kofia yangu. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, Mwanaidi, atafute mahali pa kutundika joho.

Mwanaidi si mtu wa maneno mengi. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na watoto wetu wawili wa kwanza wote nilikuwa nimekutana nao wakiwa tayari wanatembea. Wa pili aliponiona mara ya kwanza alikimbia akajificha nyuma ya mtungi. Mwanaidi alisikiliza habari ya bendera, akasema, "Heri." Basi. Nami nilikuwa na raha kiasi kwamba sikulisikia neno hilo lilivyokuwa fupi.

Siku moja kabla ya shindano nilimwona akitoka na kapu kichwani, limefunikwa kanga. Mimi mzigo naujua kwa macho, simuulizi mtu wa mizani: lile lilikuwa nusu frasila kasoro kidogo. Nikamuuliza aendako. Akasema anakwenda kumtazama mgonjwa. Sikuuliza ni mgonjwa gani apelekewaye nusu frasila. Jioni alirudi na kapu tupu. Nilikuwa napaka magoti mafuta ya nazi na kupiga mluzi.

Asubuhi ya siku yenyewe alinipa uji mwepesi wa mtama, asali kidogo, kikombe kimoja, sawasawa na sheria ya Bi Hawa. Akanitazama nikinywa. Kisha akasema:

"Baba Asha, kesho alfajiri utakuwa mbele ya watu na bendera. Utapata wapi nafasi ya kuaga? Nenda ukaage leo."

Nikasema ameongea kweli. Kwetu mtu hatoki kwenda bara bila radhi ya wakubwa, na kirongozi hawezi kuondoka kimya kama mwizi wa kuku. Wengine wangengoja washinde kwanza. Mimi ningoje nini? Nikavaa kanzu, nikaenda kuaga.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shangazi yangu. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, akaniombea dua ndefu, na mwisho wa dua akafunua sahani. Vitumbua vinavyong'aa samli. Nikasema shangazi, leo nina kazi. Akaniuliza kama nataka radhi yake au sitaki. Nikala vinne.

Nyumba ya pili, mkate wa kumimina. Ya tatu, maharagwe ya nazi, na mwenye nyumba ni mzee aliyenifundisha herufi chuoni, nitamkataliaje mtu niliyemtoroka? Ya nne ilikuwa ya shemeji yangu Shomari. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Shomari ni mtu ambaye paka wake huenda kula kwa jirani. Siku hiyo alinikaribisha kwa mikono miwili, na juu ya mkeka palikuwa na wali wa samli wenye nyama ya mbuzi. Nilisimama mlangoni nikafikiri: kumbe sifa zangu zimefika mbali namna hii. Nikala kwa ajili ya heshima ya jambo lenyewe, maana niliona sitaliona tena maishani. Shomari akanisukumia mnofu. "Kula, shemeji," akasema, "njia ya bara ni ndefu." Nyumba ya tano bokoboko. Ya sita sikumbuki ni nini, nakumbuka tu kilikuwa na nazi na kilikuwa kitamu, na kwamba nilikwenda sala ya adhuhuri nikashindwa kusujudu bila kutoa sauti.

Kasanda nilimkuta uwanjani amechuchumaa. Mkononi ana kipande cha muhogo baridi, anakimega kidogo kidogo kama ndege. Nikamhurumia, nikasema moyoni, maskini hana ndugu pwani.

Tukatwikwa. Watu wakapiga vigelegele, na mimi, ili niwafurahishe, nikatoka kwa mbio. Njuga zangu zilisikika mpaka ufukweni. Nusu ya njia nilikuwa mbele, naimba. Kisha wimbo ukaanza kukatika katikati ya ubeti. Maharagwe ya mwalimu yaliamka kwanza. Yakauamsha mkate, mkate ukawaita vitumbua, na kabla sijaona magofu ya Kaole nyumba zote sita zilikuwa zimekutana tumboni mwangu kwa shauri, na kila moja inataka kusema kwanza. Jasho langu lilikuwa la baridi. Pembe niliyoizoea kama kofia ikawa nyumba nzima na watu wake.

Kaole nilifungwa kitambaa, Kasanda akafungwa chake nyuma yangu hatua kumi. Tukageuka. Nilikwenda hatua mia, labda mia mbili. Mbele yangu palikuwa na mnazi uliopinda, na nyuma ya mnazi kichaka. Nikaegemeza pembe kwenye mnazi, ncha yake ya chini imekaa juu ya mguu wangu isiguse ardhi, nikashika shina kwa mikono miwili, nikaomba Mungu anichagulie kati ya joho na kichaka.

Kasanda akapita. Hakukimbia. Alitembea mwendo ule ule aliotoka nao uwanjani, akageuza macho tu, kwa kuwa shingo haigeuki chini ya frasila tatu.

"Frasila Tatu," akasema kwa upole, "naona umeongeza ya nne tumboni."

Nilitaka kumjibu. Nilipofungua mdomo nikaona heri niufunge. Na alipotoweka kwenye kona nikautoa mguu chini ya pembe, ikagusa ardhi ya Kaole, na mimi nikakimbilia kichakani. Hapo ndipo joho jekundu lilipobaki, wanangu. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kusema haikugusa. Lakini mtu atawahije kutoa ushahidi wa uongo akiwa katika hali ile?

Nilirudi mjini taratibu na pembe yangu, maana mzigo wa mtu hauachwi njiani, hata umeshindwa. Nilipokaribia uwanja nilitarajia kelele za kunizomea. Nikakuta kimya. Watu wamefanya duara. Nikatua, nikapenya. Kasanda alikuwa chini, joho jekundu begani, miguu imekakamaa kama vijiti, meno yamekaza. Kumbe alipofika alivikwa joho palepale, wakampa mtungi wa maji ya kisimani na sahani ya halua, naye kwa furaha akaumaliza mtungi kwa pumzi moja na halua kwa mikono miwili. Kabla ya mzigo alijua kula kuliko mimi. Baada ya mzigo alikuwa mtoto mchanga.

Tajiri alikuwa amekunja uso. Msafara ni kesho. Akanitazama, akauliza kama mimi naweza kusimama mahali pake.

Sasa hapa nitajisifu, na mtanivumilia. Ningeweza kusema ndiyo. Tumbo lilikuwa jepesi kama la mtoto, magoti yangu yalikuwa mazima, na yule mwenye joho alikuwa analia mchangani. Lakini nilimwambia tajiri pembe yangu ilikaa chini Kaole, nikamwambia na mahali, na nikatuma mtu kwa Bi Hawa. Togwa ilipofika nikaitia chumvi, nikampakata Kasanda kichwa, nikamnywesha funda moja na pumzi tatu, funda moja na pumzi tatu. Mwanaidi alikuwa amekuja kuangalia, nikamwomba mafuta ya nazi nikamkanda Kasanda vigimbi vya miguu mpaka vikalainika. Mwanaidi alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayetaka kucheka na kulia, hajachagua.

Jasho lilipomkauka Kasanda aliketi. Akala kipande cha ugali, kisha cha pili. Akaniambia, "Ndugu yangu, wewe unajua mlango wa kutokea, mimi najua wa kuingilia. Tungekuwa mtu mmoja tungefika mpaka mwisho wa dunia."

Alfajiri waliondoka. Nilisimama kando ya njia kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiangalia msafara ukipita bila mimi, baragumu linalia, Kasanda mbele na manyoya yake. Alipofika usawa wangu aliinamisha bendera. Hakuna kirongozi ainamishaye bendera kwa mtu wa kando ya njia. Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu zaidi, nikakaa barazani, nikawa sina la kufanya.

Ndipo nikaanza kupika. Kwanza kwa wapagazi wawili watatu wanaoondoka: muhogo wa kiganja kimoja, uji mwepesi, ngoja ukili pima moja. Kisha kwa wanaorudi: chumvi, togwa, ugali, kunde, papa. Leo msafara usiokula kwangu unatoka ukichechemea, na hilo si mimi ninayelisema, wanalisema wenyewe. Mnakula mchele wa meli siku hizi, mnalipwa kwa mikono ya wageni, lakini tumbo ni lile lile la Bi Hawa.

Mwezi wa tatu tangu shindano mtoto akazaliwa. Msichana. Nilikuwa kizingitini nikasikia sauti yake ya kwanza kabisa. Nimesikia bunduki, nimesikia simba, sijasikia kitu kama kile. Huyu hakunikimbia. Alinikamata kidole akakishika kama ameajiriwa kukibeba.

Siku ya arobaini nikataka kuchinja mbuzi. Chini ya jiwe la figa nilikuwa nimefukia chungu chenye rupia za shingo yangu, ambazo nazijua kama ninavyojua vidole. Nikafukua, nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikamwita Mwanaidi, nikamwambia tumeibiwa, na kwamba mwizi ni mtu wa ajabu, maana amechukua kidogo na kufukia vizuri.

Alikuwa ananyonyesha. Hakunyanyua kichwa.

"Hatukuibiwa, Baba Asha. Ulikula mwenyewe."

Nikasimama na chungu mkononi. Kapu likanirudia, lile la nusu frasila kasoro kidogo. Shangazi na vitumbua vyake. Mwalimu. Nyama ya mbuzi nyumbani kwa Shomari, mtu ambaye paka wake hula kwa jirani! Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya Frasila Tatu, mgonjwa alikuwa nani.

"Wewe," akasema. "Nilijiambia, huyu simwachi aende bara tena, na nikimwambia abaki hatasikia. Nikawapelekea mchele, samli, nyama, kila nyumba fungu lake. Nikawaambia mume wangu atakuja kuaga, msimwache atoke na nafasi tumboni."

Nilitaka kukasirika. Wallahi nilijaribu. Nikakumbuka nyumba zote sita, na ile "Heri" yake fupi, na mimi nikipiga mluzi, nikaketi chini kando ya figa nikacheka mpaka mtoto akaacha ziwa kunitazama. Mtu niliyetembea bara mara saba, nisiyeshangazwa na kitu, nilikuwa nimenunua kushindwa kwangu kwa fedha yangu mwenyewe, nikakula kote, na nikashukuru kila mlango.

Nikamwambia Mwanaidi alete hesabu, nijue bei ya kukaa nyumbani. Akaitaja bila kufikiri, kwa kuwa alikuwa ameihifadhi kichwani miezi yote minne: mchele, samli, nazi, asali, unga, maharagwe, na paja moja la mbuzi kwa Shomari, rupia tatu na pesa thelathini na tisa.